Premium Visa ya Mauritius ukiwa na watoto: viza poa sana, ila piga hesabu ya shule kwanza

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya shule, nitafika huko.

Hii ni viza ya kuishi Mauritius huku unafanya kazi yako ya nje kwa mtandao. Sisi tumetoka Mombasa, mimi nafanya hesabu za mishahara kwa kampuni moja ya Ujerumani, kazi yote ni laptop na intaneti basi, mume wangu mwalimu, na watoto wawili, mkubwa kashaingia sekondari na mdogo alikuwa bado nasari. Tulipoanza kutafuta mwaka 2023 tuliangalia Dubai kwanza manake nusu ya Mombasa ina jamaa kule, lakini viza yao ya kazi za mtandaoni inataka mshahara wa dola 3,500 kwa mwezi, na ile ya Ureno ndo usiseme, mara nne ya mshahara wa chini wa kwao. Mauritius walitaka dola 1,500 za muombaji na 500 juu yake kwa kila mtoto, kwa hivyo sisi 2,500 tukawa ndani.

Maombi yenyewe ni online na wakati huo yalikuwa bure kabisa, hakuna cha ada ya fomu wala nini. Pasipoti, picha, tiketi ya kurudi, bima ya afya, karatasi za benki na za kazi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na kwa vile vyetu vyote viko kwa Kiingereza hakukuwa na kutafsiri chochote. Kuna ajenti mmoja mjini alitaka shilingi elfu themanini atujazie hiyo fomu ya bure, nikamwambia asante kaka, nikaijaza mwenyewe usiku watoto wakilala. Viza ni ya mwaka mmoja na inaongezwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Pesa lazima itoke nje ya Mauritius na huruhusiwi kabisa kuingia kwenye kazi za pale, na mume au mke uliyekuja naye ni hivyo hivyo. Mume wangu, mtu aliyezoea darasa la watoto hamsini, alikaa nyumbani miezi ya kwanza anapanga mitungi ya viungo kwa alfabeti, nikirudi jikoni bizari siioni. Kama mwenzio si mtu wa kukaa, ongeeni kabla hamjakata tiketi, na mseme ukweli. Kodi ya serikali nayo ina namna yake, ukifikisha siku 183 kwa mwaka wanakuhesabu mkaazi wa kodi, yaani mtu wa kulipa kodi pale, ila unachotumia pale kwa kadi yako ya nje hakihesabiki kuwa umeingiza mapato nchini, ukiweka kwenye akaunti ya benki ya pale hiyo ni hadithi nyingine, tafuta mhasibu.

Haya, shule. Shule za serikali vitabu ni Kiingereza, Kifaransa kinasomeshwa tangu darasa la kwanza, na mwalimu akitaka kueleweka anarudi kwa Kikreoli, lugha yao ya nyumbani na mtaani, mtoto wa Likoni atajua wapi hayo yote? Kwa hivyo mnajikuta shule za binafsi, nyingine mtaala wa Kifaransa na nyingine wa Kiingereza, Cambridge na kadhalika, na ada zake wallahi nilisoma mara mbili nikidhani sifuri imezidi. Hiyo tuliyoishia, muhula mmoja wa mtoto mmoja ulipita kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na bado kuna pesa ya kusajili ambayo hairudishwi hata ulie. Wa nasari alikuwa nafuu, na baada ya muda mfupi akawa anamtukana kakake kwa Kikreoli safi, lakini mkubwa alipata tabu, wenzake wakitoka darasani Kiingereza kinabaki ndani na yeye amesimama tu anatabasamu. Mwenye watoto wadogo aende bila wasiwasi, mwenye watoto wa sekondari afikirie mara tatu.

Nyumba tulipata Flic en Flac, vyumba vitatu na fanicha zake, dalali anataka chake na mwenye nyumba anataka dipoziti, hayo ni ya kawaida. Intaneti faiba imefika kisiwa kizima, mimi sijawahi kukosa kikao kwa sababu ya intaneti. Saa pia zinatusaidia, Wajerumani wakianza saa tatu asubuhi huku ni saa tano, na wakati wa baridi yao ni saa sita mchana, kwa hivyo asubuhi nzima ni yangu, ila jioni unafunga laptop saa mbili usiku na watoto washakula bila wewe.

Mwezi wa kwanza 2024 kimbunga Belal kilitupitia. Kule wana daraja za onyo, moja hadi nne, likifika la pili shule zinafungwa. Port Louis, mji mkuu, magari yalibebwa na maji. Sisi tulijaza kila ndoo na kila sufuria maji, tukaingiza viti vya nje ndani, na bosi wangu ananiandikia kama naweza kumaliza ripoti kabla umeme haujakatika, nikamaliza kweli. Msimu wa vimbunga ni Novemba mpaka katikati ya Mei kwa hivyo jipangeni.

Chakula, halali ipo kila pahali na Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa. Biriani yao wanapika pamoja na nyama na viazi ndani ya degi, siyo kama yetu rojo mbali wali mbali, ni tamu, nitasema ni tamu, ila mama yangu asisome hapa. Sokoni Quatre Bornes nikakuta fungu la mboga limeandikwa brède martin, kulishika ni mnavu, ule ule managu! Na mchicha upo, na majani ya mlonge yapo. Unga wa ugali tu ndo tulibeba kwenye masanduku, na mkienda bebeni zaidi ya mnavyodhani, majirani wakishaonja mara moja wanarudi na sahani.