Pentax Spotmatic na flashi: X, FP na ile 60

Karibuni tena. Mezani leo kuna Pentax Spotmatic, ile ya mwanzo iliyoingia sokoni 1964. Lenzi na mita ya mwanga tuziache kwanza, tuiangalie kwa jambo moja tu: inaelewana vipi na flashi.

Juu haina kiatu chenye umeme, yaani kile kishikizo kinachowasha flashi bila waya. Hicho kilikuja na toleo la baadaye, SP II, 1971. Kwa hiyo unategemea waya, na waya unachomekwa hapa, ubavuni mwa lenzi. Nasogeza kamera muone. Matundu mawili, pacha kabisa: moja FP, jingine X. Plagi ileile inaingia kote kote, na hapo ndipo watu wanapopoteza rolu nzima. Ukichomeka flashi ya elektroniki kwenye FP, itawaka vizuri, na unayempiga picha atapepesa macho. Ukisafisha filamu, negativu haina kitu.

FP ni ya zile balbu za zamani za kuwaka mara moja na kutupa. Balbu huchukua muda kidogo kufikia mwanga wake, basi kamera inaipelekea umeme kabla pazia la shata, lile linalofungulia filamu mwanga, halijaanza kusogea. Flashi ya elektroniki haisubiri. Mwanga wake unakwisha ndani ya 1/1000 ya sekunde au pungufu, pazia bado limefungwa. Kwa flashi ya kisasa ni X, basi.

Kasi ya shata sasa: 60, yaani 1/60 ya sekunde, kushuka chini. Shata hii ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa upande. Kwenye 1/60 la kwanza linafika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo fremu yote iko wazi. Kwenye 1/125 la pili limeshaanza kulifukuza la kwanza, na utapata sehemu ya picha imekatwa nyeusi kwa wima.

Kabla ya kuinunua, ijaribu bila filamu. Fungua mgongo, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, elekeza lenzi na flashi kwenye ukuta mweupe, kisha chungulia kwa nyuma huku ukifyatua. Kwenye 60 uone mstatili mzima umemulikwa. Kama ukingo mmoja ni mweusi lakini kwenye 30 unatoweka, mapazia yamechoka, mpelekee fundi. Na usiyaguse kwa kidole.

Flashi isipowaka kabisa, usianze kuilaumu kamera. Mara nyingi ni waya. Upime kwa multimita, na ukiwa mzima safisha tundu kwa kijiti cha meno kilichochovywa spiriti, kidogo tu. Plagi ikilegea, ibane pole pole kwa koleo. Jambo jingine: flashi za zamani zinaweza kupitisha volti 200 na zaidi kwenye waya huo. Spotmatic inazimudu, ila usije ukazihamishia flashi hizo kwenye kamera yako ya dijitali.

Hesabu ni rahisi. Flashi yenye namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 24 kwa mita, filamu ya ISO 100 (wepesi wake wa kunasa mwanga), mtu yuko mita 3: 24 gawanya kwa 3, tundu la lenzi unaliweka f/8. Ndani ya nyumba, kamera hii haina tatizo lolote. Hata betri ikifa unapiga, maana shata ni ya kimakanika na betri ni ya mita tu.

Nje juani ndiko inakochemka. Kwa ISO 100 na 1/60, jua kali linakulazimisha f/16, na hata hapo picha inazidi mwanga kidogo. Kwenye f/16 flashi yetu inafika mita 1.5. Hiyo ni picha ya uso, si ya familia. Filamu ya ISO 400 usiifikirie kabisa.

Kama kazi yako ni kuondoa vivuli usoni mchana, tafuta kamera yenye shata ndani ya lenzi, mfano hii Yashica-Mat 124G. Inakubali flashi mpaka 1/500. Unashuka f/8, na flashi ileile inafika mita 3. Ila nayo ina mtego wake: swichi hii ndogo ya M na X. Ikiwa kwenye M, yanakupata yaleyale ya FP. Mimi ningeiweka X na kuibandika kipande cha selotepu.