Dawa za usingizi za kemisti kabla ya baiskeli ya alfajiri: nimezijaribu, nawaambia nilichokiona

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo sina tairi mpya ya kuwaonyesha wala taa ya mbele. Hapa mezani nina pakiti za dawa za aina nne, daftari, na rula ya mtoto ya shule. Kaeni nami kidogo, kwa sababu najua wengi wenu mnalifanya jambo hili kimya kimya kila Ijumaa usiku. Mimi pia nililifanya.

Mnajua mambo ya Jumamosi yalivyo. Kundi letu lilikuwa linakutana Bomas saa kumi na moja alfajiri, tunashika Magadi Road, tunapita Rongai na Kiserian, tunapanda mpaka Kona Baridi. Wenye nguvu wanateremka zaidi kuelekea Bonde la Ufa. Sasa mimi natoka Kangemi. Ili nifike Bomas saa kumi na moja, saa kumi kasorobo niwe nimeshaamka. Na ili niamke saa hiyo nikiwa mtu kamili, saa tatu usiku niwe nimelala. Nairobi hii, Ijumaa, saa tatu? Matatu zinapiga muziki hapo stejini, jirani ana wageni, kanisani kuna kesha, na mwili wenyewe haujazoea. Unalala chali unaangalia dari, unahesabu saa zilizobaki, na kadiri unavyohesabu ndivyo usingizi unavyokimbia.

Basi nikaenda kemisti. Nikamwambia, "Daktari, nisaidie kitu cha kulala, kesho nina safari ya baiskeli." Akaniuliza kama nina mafua. Nikasema sina. Akanifungia vile vidonge vidogo vya manjano ambavyo kila nyumba Kenya inavyo, klofeniramini ya miligramu 4. Wengi wetu tunaviita piriton hata kama kampuni iliyovitengeneza ni nyingine kabisa. Ni dawa ya mzio, ya chafya na kuwashwa. Inaleta usingizi kwa sababu inaingia kwenye ubongo na kuizuia histamini, na histamini ni mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho.

Nilimeza kimoja saa tatu. Saa nne kasoro nilikuwa sijijui. Nikafurahi sana.

Asubuhi nikaendesha vizuri tu, nikapanda mpaka Kona Baridi bila shida. Tulipokuwa tunarudi, tunashuka kuelekea Kiserian, kuna tuta ambalo nalijua kama ninavyojua mlango wa kwangu. Na nililiona. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: macho yaliona tuta, nikajua ni tuta, lakini mkono ulifika kwenye breki kama unatoka mbali. Gurudumu la mbele likagonga, nikarushwa kwenye changarawe kando ya barabara. Matatu iliyokuwa nyuma yangu ilikwepa. Kiwiko kilichubuka, na kofia ikapata ufa ambao nimeuweka hapa muuone. Uangalieni vizuri. Huo ufa ungekuwa kichwani.

Na sikuwa nasinzia, jameni. Mngeniuliza dakika moja kabla ya tuta, ningewaapia niko macho kabisa.

Baadaye nikasoma jambo lililonipa jibu. Mwaka 2000, watafiti wa Iowa kule Marekani waliwapa watu 40 diphenhydramine, miligramu 50, ambayo ni ndugu wa kidonge changu, kisha wakawaweka kwenye mashine ya kuigiza kuendesha gari. Siku nyingine wakawapa pombe ya kufikisha kiwango cha asilimia 0.1 hivi kwenye damu, kiasi kinachozidi kile kinachoruhusiwa kwa dereva katika nchi nyingi. Waliomeza dawa waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamelewa. Halafu kikaja kile kilichonifunga mdomo: jinsi mtu alivyojihisi ana usingizi hakukuonyesha jinsi uendeshaji wake ulivyoharibika. Kwa hiyo ukiniambia "mimi nikiimeza asubuhi najisikia poa," nakuamini kwamba unajisikia poa. Mikono yako ndiyo siiamini.

Sasa tuje kwenye hizi pakiti. Nimezijaribu moja moja, wiki mbili kati ya dawa moja na nyingine, kila mara saa tatu usiku. Siku za majaribio sikugusa barabara. Niliifunga baiskeli kwenye stendi ndani ya nyumba. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu alikuwa anaiachia hii rula bila kunitahadharisha, nami naidaka kwa vidole viwili, mara kumi, naandika wastani. Ni mtu mmoja na rula moja, msiiite utafiti. Lakini hesabu ya rula ni ya kweli: ikianguka sentimita 18 kabla hujaidaka, umetumia sekunde 0.19. Ikianguka 27, umetumia 0.23 na zaidi kidogo.

Bila dawa yoyote, wastani wangu ni 18. Baada ya klofeniramini, 27. Inaonekana ndogo, sivyo? Ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, unakata mita 11 kila sekunde. Ile tofauti ya rula ni karibu nusu mita nzima ambayo baiskeli imeenda kabla hata kidole hakijasogea. Na hapo nilikuwa nimesimama sebuleni nikisubiri rula tu. Barabarani unasubiri mambo kumi kwa pamoja.

Sababu ni hii, na ningependa kila mmoja wenu aondoke nayo. Usiulize tu dawa itakulaza saa ngapi. Uliza itakuachia saa ngapi. Kila dawa ina muda wake wa kupungua hadi nusu mwilini. Klofeniramini kwa mtu mzima huchukua kama saa 20 hivi. Umemeza saa tatu usiku, umepanda baiskeli saa kumi na moja, zimepita saa 8. Piga hesabu: karibu robo tatu ya kile kidonge bado iko ndani yako. Unaingia Magadi Road na malori ukiwa na robo tatu ya dawa ya usingizi kwenye damu.

Pakiti ya pili ni hiyo diphenhydramine. Iko kwenye baadhi ya dawa za kikohozi za usiku, na ng'ambo inauzwa waziwazi kama dawa ya kulala. Hii hupungua hadi nusu kwa saa 4 mpaka 9, inategemea mtu. Kwa hiyo alfajiri unabaki na robo, au hata nusu. Rula yangu ilisoma 23. Mdomo ulikuwa mkavu kama nimelamba chaki.

Hapo kwenye ukavu tusimame kidogo, kwa sababu wengi hawaufikirii. Dawa hizi za zamani za mzio zinakausha: mate, machozi, na jasho pia. Sasa wewe unatoka Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kibaridi chake. Ukiteremka ile barabara mpaka Magadi unafika mita kama 600, na kufika saa nne asubuhi jua la kule halina huruma. Jasho ndilo linalokupoza. Ukilipunguza, na mapigo ya moyo yameongezwa kidogo na dawa ileile, unajitafutia kuishiwa nguvu mahali ambapo hata kivuli cha mti ni cha kutafuta. Na kwa wazee wetu wa kundi, nawaomba kwa heshima: mwenye shida ya tezi dume au presha ya macho asizimeze bila kumwona daktari. Zinaweza kufunga mkojo kabisa.

Ya tatu ni doxylamine, niliyoletewa na binamu yangu kutoka Marekani. Inalaza kweli, usiku ule sikusikia hata mbwa. Lakini muda wake wa nusu ni kama saa 10, maana yake alfajiri zaidi ya nusu bado ipo. Pakiti yenyewe inasema usiimeze kama huna usiku mzima wa kulala, na usiku wa mwendesha baiskeli wa Jumamosi karibu kila mara ni usiku wa kipande. Nilidaka rula kwenye 25, na mpaka saa tano asubuhi nilikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kwa kazi hii, hapana.

Ya nne, melatonini, hii ni kitu kingine kabisa. Ni homoni ambayo mwili wako unaitengeneza giza likiingia, kuuambia kwamba usiku umefika. Ile ya kidonge hupungua hadi nusu kwa chini ya saa moja, kwa hiyo alfajiri imeshaondoka. Rula ilinipa 18, sawasawa na siku isiyo na dawa. Ila msitegemee ikulaze kwa nguvu. Kazi yake kubwa ni kusogeza saa ya mwili, na dozi ndogo, nusu miligramu mpaka tatu, inatosha; kuongeza mpaka kumi hakuongezi usingizi kwa kiasi hicho. Shida yake ni kile kilichomo ndani. Wakanada walipima bidhaa za melatonini mwaka 2017 wakakuta nyingine zina pungufu ya asilimia 83 kuliko lebo inavyosema, na nyingine zimezidi kwa asilimia 478. Uingereza haitolewi bila cheti cha daktari. Kama utaitumia, zungumza kwanza na mfamasia aliyesajiliwa, na jaribio la kwanza lifanye usiku ambao kesho yake huna safari.

Bado kuna jambo la wanaoshindana. Melatonini na hizi dawa za mzio haziko kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Lakini dawa nyingi za mafua zinachanganywa na pseudoephedrine, na hiyo ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa. Mtu anachukua dawa ya mafua "ili alale tu" na anajikuta mbele ya ADAK, wakala wa Kenya wa kazi hiyohiyo, akijieleza. Soma nyuma ya pakiti, kila jina.

Na pombe? Usichanganye. Chupa moja na kidonge kimoja ni sumu mbili zinazosukumana upande uleule.

Mtauliza, sasa tulale vipi? Kwanza niwaondolee hofu. Ule usiku mmoja mbaya kabla ya safari hauharibu kama tunavyodhani. Hofu yake ndiyo inayotumaliza. Usiku wa kulinda ni ule wa Jumatano na Alhamisi. Mwaka 2019 kule Australia waliwachukua wanamichezo tisa wa baiskeli na triathloni, wakawaongezea usingizi kwa usiku tatu mfululizo, zaidi ya saa 8. Kwenye jaribio la muda la karibu saa nzima wakawa wepesi kwa asilimia 3 hivi kuliko walipolala kawaida yao. Asilimia 3! Watu wanalipa maelfu ya shilingi kwa magurudumu mepesi wasipate hiyo.

Kwa hiyo Jumatano nalala nusu saa mapema, Alhamisi saa nzima mapema. Chai na kahawa naziacha saa sita mchana, kwa sababu kafeini nayo huchukua kama saa 5 kupungua hadi nusu, na chai ya jioni bado inaongea usiku. Nguo, chupa, pampu na ndizi navipanga mlangoni kabla ya giza ili kichwa kisiwe na la kukumbuka. Vizibo vya masikio vya sponji, hivi hapa, vimenisaidia kuliko pakiti zote nne.

Lakini kilichobadilisha mambo zaidi hakiuzwi. Nilisimama mbele ya kundi na kofia yangu yenye ufa, nikawaomba tusogeze muda. Nairobi jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, halitukimbii. Mzee mmoja alipinga, akasema magari yatajaa. Tukajaribu Jumamosi nne, tukiondoka Bomas saa kumi na mbili. Magari ni mengi zaidi kidogo, hilo ni kweli. Lakini mashimo tunayaona, madereva wanatuona, na kila mmoja wetu amepata saa nzima ya kulala aliyokuwa anaitafuta kemisti. Yule mzee sasa ndiye anayefika wa mwisho, kwa sababu analala vizuri.

Kama wewe unalala saa 8 na bado unaamka umechoka, au mwenzako anasema unakoroma na pumzi inakatika usiku, hiyo ni kazi ya daktari, na isingoje.

Klofeniramini imerudi kwenye kabati, itangoja mafua. Leo ni Ijumaa, saa mbili na robo. Baiskeli iko mlangoni, chupa zimejaa. Nazima taa hii ya kamera sasa hivi. Tuonane Bomas saa kumi na mbili.