IST yangu, tairi za 2014 na safari ya kwenda kuhesabiwa (uzoefu wangu)

Niseme ukweli tu, mimi tairi nilikuwa nabadilisha ikishapasuka. Kwa misele ya mjini Dar, Tabata kazini na Tabata sokoni, ikipasuka unasogea pembeni unaita fundi, hela inatoka, maisha yanaendelea. Sasa Desemba nikapanga kwenda Marangu, kule Kilimanjaro, na kigari changu, Toyota IST ya 2004, sisi wa huko mnatujua, mwisho wa mwaka lazima turudi nyumbani tukahesabiwe. Miaka mingine napanda basi ila safari hii nina watoto wawili, mdogo wangu wa kiume na mizigo ya bibi yao, nikipiga hesabu ya nauli za watu wanne kwenda na kurudi nalinganisha na mafuta naona bora gari.

Kikwazo kikawa tairi. Za mbele zilikuwa zimeisha, vipara, unapitisha kidole kinateleza kama kwenye kioo. Za nyuma zina kashata nzuri kabisa, yaani yale maungo ya mpira yanayokanyaga barabara bado yamesimama. Kwa hiyo kichwani nilishamaliza, nanunua mbili za mbele, nyuma sigusi, nimetenga laki mbili na nusu na iliyobaki ni ada ya Januari, hiyo hata njaa ikija haiguswi.

Kabla sijaenda dukani nikapita Kimara kwa baba mdogo, mzee kaendesha malori ya Tunduma miaka na miaka. Shikamoo baba, marahaba mama, na hapo hapo akaanza kuizunguka gari, chai yenyewe nilikuja kuipata baadae. Nikamwonesha za mbele, akaziangalia kidogo akasema hizi zimeisha hata mtoto anaona, akaenda nyuma akachuchumaa akakaa kule muda mrefu mpaka nikapata wasiwasi.

"Hizi zimezaliwa lini?"

Nikacheka. Tairi inazaliwa? Akanionesha ubavuni yale maandishi yanayoanza na herufi DOT, mwishoni kuna kiduara kidogo chenye tarakimu nne, na kama huzioni ujue zimegeukia ndani, inabidi ulale chini na tochi ya simu. Zangu zilikuwa 1114. Yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Gari nimelinunua 2019 zikiwa zimeshafungwa, nikaona kashata nikaridhika, kumbe natembelea mpira uliotengenezwa kabla sijamaliza chuo. Akabonyeza ubavu kwa ukucha, mipasuko midogo midogo ikafunguka kama kisigino kilichokosa mafuta. Akaniambia mpira unakauka hata gari ikiwa imelala, na watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 itoe hata kama kashata bado zipo. Halafu akamalizia kwamba za mbele nilizokuwa naziogopa zingenisumbua kwenye mvua, lakini za nyuma ndo zingenimaliza kwenye jua, pale Mombo kwenda Same mchana, lami inachemka, gari imejaa, upepo pungufu, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko joto linapanda mpaka tairi inaachana yenyewe kwa yenyewe.

Hapo bajeti yangu ya mbili ikafa rasmi.

Nikajaribu kujitetea, nikasema basi nikinunua mbili mpya niziweke mbele si ndo kwenye injini na usukani, zile za mbele zirudi nyuma badala ya hizi za 2014? Akakataa. Anasema ukiwa na mbili tu mpya ziweke nyuma, kwa sababu mbele ikianza kuteleza unaisikia kwenye usukani unaachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza kwenye maji gari inageuka kabla hujajua kinachoendelea, na wewe mama, samahani, si dereva wa kuikamata. Sikununa, ni kweli. Za mbele zenyewe zilikuwa zimeshafika kwenye vile vinundu ndani ya mifereji, ukizungusha macho ubavuni kuna kapembe au herufi TWI zinakuelekeza vilipo, kashata ikiwa sawa na kinundu maana yake umebakiwa na milimita 1.6 na hapo tairi imeisha. Tena upande wa ndani ndo zimelika zaidi, akasema hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka, nikiweka tairi mpya bila kuipiga baada ya miezi nitarudi pale pale.

Na spea! Akaniambia fungua buti. Nina ile nyembamba ya muda, ambayo imeandikwa kabisa mwisho wa spidi 80, na inatakiwa ijazwe upepo wa PSI 60, si 30 kama zingine. Tukapima ikasoma 15. Nimeibeba miaka yote hiyo kama pambo.

Kesho yake nikaanzia mitumba maana nilitaka kuokoa hela. Ilala pale, sehemu sitaitaja, kijana mmoja akaniita sista karibu, mzigo wa Japani huu umeshuka juzi. Elfu 70 moja, zimepakwa dawa zinang'aa nyeusi tii, kashata zimesimama. Ningekuwa yule wa wiki iliyopita ningeshafunga zote nne. Nikainama natafuta tarakimu nne, moja ikasoma 2015, yaani wiki ya 20 ya mwaka 2015, ya pili sehemu ya tarehe imepitishwa msasa haisomeki, nikatafuta vile vinundu kwenye mifereji havipo. Nikampigia baba mdogo nikamtumia na picha, akajibu neno moja, "wamechonga". Wanachukua tairi iliyoisha wanachimba mifereji upya kwa kisu cha moto, kwa hiyo kashata unayoiona ni nyama ya tairi yenyewe, chini hapo umebakiza kidogo unafika kwenye nyaya. Nikamuuliza kijana mbona hii haina tarehe, akanijibu bila aibu, "Dada yangu, tairi haisomi kalenda, inasoma barabara." Nilicheka nikamuaga vizuri tu. Sisemi mitumba yote ni mibaya, kuna watu wanapata za miaka mitatu minne ziko safi, ila ukienda bila kujua kusoma zile namba unacheza bahati nasibu, na mimi nilikuwa nawabeba watoto.

Basi nikaenda duka la tairi mpya, Gerezani. Saizi yangu ni 185/65R15. Nikapewa machaguo mawili, za Kijapani elfu 235 moja, za Kichina 125. Yaani kwa karibu bei ya mbili za jina kubwa napata nne za jina ambalo hata kulitamka sijui. Hapa nilisimama kama nusu saa kaunta, muuzaji kachoka kaendelea na simu yake. Moyo unataka Mjapani. Lakini nikinunua Mjapani mbili, mbili za zamani inabidi zibaki barabarani, kwa hiyo nikachukua Mchina nne, nikajazia kwa mkopo wa kikoba ambao mpaka Machi nitakuwa nalipa. Ambaye ana hela za nne za Kijapani achukue, sibishani naye.

Kabla ya kulipa nikasoma namba, nimeshakuwa mtaalamu sasa. Tarehe zote ni za mwaka ule ule niliokuwa nanunua, tofauti ya wiki chache tu. Pia zimeandikwa 88H, ile 88 ni uzito inaoweza kubeba, kilo 560 kwa kila tairi, H ni spidi 210, ambayo IST yangu ikifika hapo labda imedondoka kutoka angani. Muuzaji akabaki ananiangalia, akaniuliza, "Madam, wewe ni mtu wa tairi?" Nikamwambia ndiyo. Dhambi ndogo.

Huduma ya ufungaji sasa, hapa ndo nina malalamiko. Vijana wako fasta, hilo nawapa, nne kwa kama dakika 40 na balansi juu, elfu 5 kila gurudumu. Valvu mpya nilipoomba wakaniambia hazina haja hizi bado nzima, nikang'ang'ania ndo wakaweka, elfu 2 moja, kitu cha elfu 8 jumla mtu anakubania wakati umemwachia laki tano. Nati wamekaza na ile mashine ya upepo mpaka basi, nikiwa porini na spana yangu ndogo ya kwenye buti nafungua vipi? Nikawaambia walegeze wakaze kwa mkono. Na upepo wamejaza 45 zote! Eti ukienda safari unajaza sana isilale. Hapana. Kuna kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinakwambia gari yako inataka ngapi, kikiandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, wewe gawanya kwa 7 unapata PSI ya haraka haraka, mfano 220 ni kama 31 au 32. Nikashusha mwenyewe nikiwa nimeinama na gauni la kazini, vijana wanaangalia tu.

Alaimenti nikafanya sehemu nyingine, elfu 30, na hii kwa kweli ndo hela iliyonifurahisha kuliko zote. Miaka miwili naendesha usukani ukiwa umekaa pembe kushoto nikidhani ndo tabia ya gari. Nimetoka pale nikaachia usukani sekunde mbili barabara ikiwa tupu, imenyooka kama reli.

Kitu kingine, tairi za zamani wale vijana waliniomba niziache, nikauliza za nini, mmoja akasema za katambuga mwingine akasema za kukalia. Baba mdogo alishanionya, toboa ubavu kwanza zisije zikauzwa tena. Nikaomba kisu nikachana zote nne mbele yao. Mmoja alinuna waziwazi.

Safari yenyewe tuliondoka saa kumi alfajiri, upepo nimepima usiku tairi zikiwa za baridi, maana ukipima zikiwa za moto namba inapanda inakudanganya. Chalinze tukafika vizuri, daraja jipya la Wami tukapita watoto wamelala, Segera chai. Korogwe ikatupata mvua ya nguvu, maji yamelala kwenye yale mabonde yanayochimbwa na malori kwenye lami, hapo nikashika usukani kwa mikono miwili nikashuka mpaka 60. Gari ilikaa. Mwaka juzi na zile vipara huku mjini Dar, Mandela Road mvua ya kawaida tu, ilishawahi kunielea nikakosa breki kama mita kumi hivi, kwa hiyo najua tofauti. Mbele ya Mombo jua likawaka kama lina ugomvi na mtu, kila tulipochimba dawa nikawa nashika tairi kwa kiganja moja moja, zote vuguvugu sawasawa, mdogo wangu ananicheka ananiita daktari. Kwenye vijiji ni 50 na tochi kama kawaida, Same trafiki akatusimamisha, akazunguka akaangalia tairi, akasema safari njema. Faini ya elfu 30 ya kipara hiyo nimeokoa. Himo tukaiacha ya Moshi tukakunja kulia, ile barabara ndogo ya kuingia kwetu kulikuwa na tope na kamlima, ikapanda bila kusukumwa, jambo ambalo kwa IST nyumbani walipiga makofi.

Kasoro za tairi zenyewe nimeziona mbili. Zina kelele, ukivuka 80 kwenye lami yenye kokoto inaunguruma mpaka unaongeza redio. Na breki kwenye maji ni ya kawaida tu, ilisimama lakini usitegemee miujiza, acha nafasi. Kulika bado siwezi kusema, kwenda kurudi na mizunguko ya kule ni kama kilomita 1,300, kashata ziko kama mpya.

Kwa bei ile nawapa nyota nne tairi, duka nyota tatu kwa sababu ya upepo na valvu, alaimenti tano. Ila kuna moja ya mbele kushoto inapungua kama PSI 3 kwa wiki, nimeipaka maji ya sabuni nikaona inatoa mapovu kwenye rimu pale inapokalia, si kwenye tairi, rimu ina kutu. Jumamosi narudi waisugue waifunge upya, na safari hii nabeba geji yangu mwenyewe.