Baiskeli nyepesi ya lami na njia za mawe: ununue ipi Unguja na Pemba

Mnunuzi wa baiskeli ya milima hapa kwetu aghalabu macho yake huenda kwenye springi. Akiiona inazo mbele na nyuma, ina breki za diski na rangi ya kung'ara, keshaanza kuhesabu pesa. Mimi natazama uzito kwanza, halafu najiuliza kama fundi wa mtaani ataweza kuitengeneza. Unguja si nchi ya milima. Masingini, sehemu yake ya juu kabisa, haifiki mita 150. Kinachotuchosha ni mchanga, mawe makali ya uwanda upande wa Makunduchi, na ngazi. Anayekaa ghorofa ya juu Michenzani, au nyumba ya Mji Mkongwe yenye ngazi zilizosimama wima, ataibeba baiskeli yake kila siku ya Mungu.

Ya kwanza: fremu ya alumini au chromoly (aina ya chuma chepesi na imara), uma wa gurudumu la mbele usio na springi, breki za V (za mipira inayobana rimu)

Hii ndiyo naiweka juu, hata ikiwa ya zamani. Huwa na kilo 11 hadi 13, na tairi za inchi 26 ambazo bado zinapatikana kwa urahisi. Mipira ya breki na waya zake ni vya bei rahisi, na fundi hahitaji chombo maalumu. Mawe yaachie tairi: weka yenye upana wa inchi 1.95 hadi 2.1, ya katikati laini na meno pembeni, na ukiingia kwenye mchanga punguza upepo kidogo.

Nyingi ni mitumba ya Japani, na hapo ndipo pa kufungua macho. Kuna za Kijapani zenye sura tu ya baiskeli ya milima. Angalia fremu vizuri, baadhi zimebandikwa tangazo kwamba hazikuundwa kwa njia mbovu. Hizo ni za kwendea sokoni. Pia 26 si zote sawa. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: ikiishia na 559, ni saizi ya baiskeli ya milima. Ikiishia na 590, ni ya baiskeli za mjini za Japani, zile zinazoandikwa 26 x 1 3/8, na tairi ya moja haiingii kwenye rimu ya nyengine hata fundi avute vipi.

Nenda dukani na sumaku. Isiponata kwenye fremu, ni alumini. Ikinata ni chuma, lakini usiikatae hapo hapo: chromoly nayo ni chuma, na mara nyingi ina stika yenye namba 4130. Mwamuzi ni mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki. Tia kulabu chini ya kiti usome kilo. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Kabla hujalipa, mwambie alegeze skrubu ya kiti na alivute bomba lake juu. Kwa chumvi ya hewa yetu, bomba hushikana na fremu kabisa, na kulitoa kunaweza kuharibu fremu yenyewe. Likikataa kutoka, shukuru uondoke.

Ya pili: alumini yenye springi mbele, tairi 27.5 au 29

Inamfaa anayepita njia za mawe na mizizi kila wiki, mathalan kuzunguka msitu wa Ngezi, Pemba. Uzito hufika kilo 13 hadi 15. Taka uma wenye kitufe cha kufunga springi, la sivyo ukipanda kilima nguvu zako zinaliwa na kule kunesanesa. Tazama yale mabomba yanayong'ara ya uma: yakiwa na vitobo vya kutu, mipira inayozuia uchafu haitadumu. Diski chagua za waya. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, sikatai, ila mafuta yake hayachanganywi ovyo. Shimano, kwa mfano, hutumia mafuta ya madini, na ukiitia mafuta ya breki za gari umeziua sili zake, ile mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje.

Ya tatu: baiskeli ya mseto yenye tairi nyembamba

Kwa wa mjini hadi Bububu au Fumba kwa lami tu, haina mpinzani kwa wepesi. Kwenye mchanga utashuka usukume.

Ya mwisho: ya chuma, springi mbele na nyuma, bei ya kutupa

Ndiyo inayopendwa na vijana, nayo mara nyingi hupita kilo 17. Springi yake ya nyuma inadunda tu, na viungo vyake vikishalegea fremu nzima inacheza. Bora Phoenix yenye keria.

Zile za tairi nene sana za ufukweni sikuzipanga. Ni raha maji yakitoka, adha kwenye lami.

Anayenunua kwa ajili ya Pemba, kwenye vilima vingi, ahesabu meno ya gia kubwa ya nyuma: yakizidi, kupanda kunakuwa kwepesi. Baiskeli nyingi za gia saba zinaishia 28. Tafuta yenye 34, na mbele iwe na gia ndogo ya meno 22 au 24. Kama ni ya 28, mwambie fundi akubadilishie siku hiyo hiyo, pamoja na mnyororo mpya.