Mkanda wa mtetemo: besi naipata, maneno bado

Sikio langu la kushoto halina kitu kabisa na la kulia linapata kidogo kidogo, kwa hiyo muziki kwangu siku zote ni kuisogelea spika. Huu mkanda, unaogeuza muziki kuwa mtetemo mwilini, niliagiza nje, na ukijumlisha ushuru ulipita shilingi laki sita, nikaguna lakini nikalipa.

Ni kimota kidogo kwenye mkanda wa lastiki, unaunga na simu kwa blutuuthi au waya halafu unajifunga. Kiunoni sikupenda, tumbo linanyonya mtetemo wote, ila ukiubana katikati ya kifua pale kwenye mfupa, juu ya fulana tu, weee! Ngoma kubwa inakusukuma kwa nyuma ya mbavu na engalabi, ile ngoma ndefu ya Uganda, inakuja fupi fupi, kavu, unaitofautisha kabisa. Hiyo sikutegemea, maana ngoma ya ngozi ya kenge nilizoea kuiona tu mikono ya mpigaji inavyoenda.

Sasa sauti ya mwimbaji sahau. Ngozi inashika mtetemo vizuri zaidi kwenye hertsi 250 hivi (yaani mitetemo 250 kwa sekunde), ikifika kama 1,000 imechoka, na sikio zima linaenda mpaka 20,000, kwa hiyo s na f na sh zote hazipo, unajua tu kwamba mtu anaimba. Anayekuuzia akisema utasikia kila kitu, muache aongee. Evelyn Glennie, yule Mskoti mpiga ngoma ambaye usikivu wake ulishapotea sana akiwa na miaka 12, anapiga bila viatu ili mtetemo umfikie kwa miguu, lakini yule amejifunza miaka na miaka kujua sauti gani inagusa mwili wapi, si kitu cha kuvaa Jumamosi ukawa unajua Jumapili.

Kwa blutuuthi mkanda unachelewa kidogo, ukiangalia video mkono unapiga halafu kifua kinafuata, tumia waya. Joto la Kampala nalo usilisahau, kwenye teksi ya mchana lastiki inalowa jasho inaanza kuteleza. Na bodaboda ndiyo kabisa, hujui hii ni besi au ni shimo la barabara.

Nikiambiwa nichague kati ya huu mkanda na embaire, ile marimba kubwa ya kule Busoga mashariki mwa Uganda, naenda Busoga. Zile mbao kubwa zinalazwa kwenye migomba juu ya shimo lililochimbwa ardhini, watu kadhaa wanapiga pamoja, ukikaa chini karibu nayo inapanda kwa makalio mpaka kwenye meno, na haidai chaji.

Ila embaire siendi nayo kazini, mkanda ndio natembea nao. Wa kwangu sasa betri inakufa kabla ya jioni, anayejua fundi mzuri wa betri hapa mjini anielekeze, tafadhali aandike, asinipigie simu.