Akissi wa Abidjan: Vibonzo Vinavyomwachia Mtoto Utundu Wake

Kitabu ninachokizungumzia hapa ni Akissi: Tales of Mischief, mkusanyiko wa vibonzo ulioandikwa na Marguerite Abouet, ukachorwa na Mathieu Sapin, na kutolewa kwa Kiingereza na Flying Eye Books mwaka 2018. Hadithi zenyewe zilianza kuchapishwa kwa Kifaransa mwaka 2010, kitabu kimoja kimoja, na mkusanyiko huu umeweka vile vya mwanzo ndani ya jalada moja. Nilimnunulia mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa. Tulikisoma pamoja jioni baada ya jioni, yeye akitazama picha na mimi nikimgeuzia maneno kwa Kiswahili papo hapo, kisha nikakirudia peke yangu taratibu, kwa sababu nilitaka kujua ni nini hasa kilichomshika mtoto ambaye kwa kawaida huacha vitabu katikati.

Akissi ni msichana mdogo wa Abidjan, nchini Ivory Coast. Paka wa mtaani wanamvizia wampokonye samaki, tumbili wake mdogo aitwaye Boubou ananusurika kuishia kwenye kikaango, na kaka yake, Fofana, anamwona kuwa kero tupu. Jina lake ni miongoni mwa majina ambayo Wabaoulé, kabila mojawapo la nchi hiyo, humpa mtoto kutokana na siku aliyozaliwa, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa naye anao akina Juma, Mwanajuma na Khamisi. Visa ni vifupi, vya kurasa chache kila kimoja, na kila kisa kinasimama peke yake, kwa hiyo mtoto anaweza kufungua popote akaanza kucheka bila kuuliza kilichotangulia.

Lugha yetu ina bahati ya kutofautisha mambo ambayo wengine huyatia kapu moja. Mtundu si mtukutu, mtukutu si mkorofi, na mkorofi si mjeuri. Mtundu ni yule anayefungua redio ili aone sauti inatokea wapi. Mtukutu ni yule asiyeweza kutulia kitini hata akifungwa kamba. Mkorofi hudhamiria kumuudhi mwenzake. Na mjeuri hujua kuwa amekosa lakini hujibu kwa kiburi. Niseme wazi kwamba Akissi ni mtundu na mtukutu, na mara chache ni mkorofi kwa kaka yake, kama wadogo wote walivyo kwa kaka zao. Ujeuri sikuuona. Abouet anaijua mipaka hiyo kwa sikio kali sana, na nadhani hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu hiki kuliko vingi vya aina yake nilivyowahi kuvisoma, ambavyo humchora mtoto msumbufu kana kwamba ni mtu mzima mdogo mwenye hila, au humfanya malaika aliyeteleza mara moja na kujuta ukurasa wa mwisho.

Historia ya vibonzo vya watoto watukutu ni ndefu, na ina ukatili wake. Mwaka 1865 Mjerumani Wilhelm Busch alitoa hadithi ya picha na mashairi kuhusu wavulana wawili, Max na Moritz, waliofanya vituko saba. Baada ya cha saba walisagwa kinuni kama nafaka, na punje zao zikaliwa na mabata. Kazi ile iliwaathiri wengi waliofuata, na imeendelea kusomwa hadi leo. Lakini mantiki yake ni kwamba utundu ni deni, na deni hulipwa kwa roho. Akissi naye hulipa, ila hulipa kwa kipimo cha mtoto: anafukuzwa, anachekwa, anagombezwa, anapata hofu ya kweli kwa dakika chache, halafu kesho yake anatoka tena nje kama kawaida. Adhabu nyingi humjia kutokana na jambo lenyewe alilolianzisha wala si kutoka kwa mwandishi anayesubiri pembeni na kiboko. Sisi tuliolelewa na ngano za Sungura tunaufahamu utamu huo. Tulimpenda kwa akili yake, tukamcheka aliponaswa, wala hatukuhitaji bibi atutafsirie maana yake.

Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na miaka kumi na miwili, na visa vya Akissi amevichota katika utoto wake mwenyewe. Wengi walimfahamu kwanza kupitia Aya, vibonzo vya watu wazima alivyovitoa pamoja na mchoraji Clément Oubrerie kuanzia mwaka 2005, ambavyo vinasimulia maisha ya wasichana wa Yopougon, mtaa mmoja wa Abidjan, na ambavyo kitabu chake cha kwanza kilipata tuzo katika tamasha la vibonzo la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2006. Wasomaji wa Aya watakumbuka kwamba Akissi na Fofana wamo mle, wakiwa wadogo zake Aya. Huku ndiko walikopewa uwanja wao, na watu wazima wamerudi nyuma hatua kadhaa. Wapo, wanaita, wanatuma, wanakaripia, lakini dunia inaonekana kutoka kwenye kimo cha mtoto.

Mistari ya Sapin ni ya haraka, kama ya mtu anayechora huku anacheka, na rangi zake ni za jua. Sehemu kubwa ya kicheko iko katika ile nafasi nyeupe kati ya picha na picha. Katika picha moja Akissi amepata wazo, na unaliona machoni. Katika inayofuata mambo tayari yamekwenda mrama, na lililotokea katikati unalijaza wewe mwenyewe. Mpwa wangu aligundua jambo hili kabla yangu. Siku ya pili alianza kuifunika picha inayofuata kwa kiganja chake, ananiambia anavyodhani itakuwaje, kisha anauondoa mkono polepole. Alipokuwa amebashiri sawa alijipigia makofi, na alipokosea alicheka zaidi, kwa kuwa Akissi alikuwa amefanya jambo baya kuliko alilolifikiria yeye. Sijawahi kumfundisha mtoto yeyote namna ya kusoma vibonzo, na sasa naamini haihitajiki.

Tulipofika kwa Boubou na kikaango, mchezo wa kiganja ulikoma. Alinyamaza, akanishika mkono kwa nguvu, akasoma picha zote kimya hadi mwisho wa kisa, kisha akarudi kurasa nyuma kuhakikisha kwamba tumbili yule wa mwisho ni yule yule wa mwanzo. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na mwandishi hakuiharakisha wala kuipunguza kwa mzaha. Kwangu mimi hapo ndipo urafiki unapoelezwa vizuri kuliko kwa maneno: msichana ambaye hajali kuchafuka, kuumia wala kugombezwa, kuna kiumbe mmoja asiyeweza kuvumilia kumpoteza. Kitu kama hicho kipo pia kati yake na Fofana, ingawa wote wawili wangekana. Wanachongeana, wanafukuzana, wanaviziana, na bado hakuna ukurasa unaokufanya uamini kwamba mmoja anaweza kuishi vizuri bila mwenzake.

Kasoro zipo, na mzazi anayefikiria kununua ana haki ya kuzijua. Kwanza, marafiki wa Akissi hawakupewa nafsi kamili kama aliyopewa Fofana. Wanaingia na kutoka, wanashiriki njama, wanakimbia pamoja naye, lakini ukiniuliza ni yupi mwoga na ni yupi mropokaji itanibidi nifungue kitabu tena. Kwa kazi inayohusu utoto wa kundi, hilo ni pengo, na lingezibwa kwa visa viwili vitatu vinavyomfuata mwenzake mmoja hadi nyumbani kwao. Pili, kwa kuwa kila kisa kinaanza upya, ugomvi wa jana hausahauliwi tu na watoto, ambao kweli husahau, bali unasahauliwa na kitabu chenyewe; mara mbili nilitamani kuona kinyongo kidogo kikivuka ukurasa, kwani watoto wana vinyongo pia, na kupatana kwao baada ya siku tatu za kununiana ni hadithi nzuri sana.

Mambo ya mwili hayakufichwa. Chawa wamo, minyoo imo, na vinachekwa waziwazi. Najua wako watakaoona kwamba huko ni kukosa adabu, nami nawaheshimu, ila mtoto wa miaka tisa anacheka mambo hayo hayo kila siku akiwa na wenzake, na humu ameyakuta yakisimuliwa bila kumdhalilisha mtu yeyote.

Kuhusu kitabu chenyewe kama kitu cha kushika mkononi: ni kinene, karatasi yake ni nzuri, na rangi zimetoka vizuri. Maneno ndani ya viputo ni madogo kwa mtoto anayejifunza kusoma, hasa pale wahusika wanapopiga kelele wote kwa pamoja, na ingefaa mtu mzima akae karibu mwanzoni. Nakala ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imelegea gundi mgongoni na kurasa zikaanza kuchomoka. Niliirudisha, na ya pili, ambayo imefunguliwa mara nyingi zaidi, imebaki imara.

Kiingereza chake ni chepesi, na nilipokuwa nikikigeuza sikukwama mara nyingi. Makaripio ya mama yalikuja yenyewe, kana kwamba yalikuwa yakisubiri Kiswahili tangu mwanzo, na kelele za Akissi akiwakimbia paka sikuzitafsiri kabisa, nilipiga tu ukelele na mpwa wangu akapiga wa kwake. Mchapishaji atakayekitoa kwa Kiswahili atanipata mlangoni siku ya kwanza.

Ningekipendekeza kwa watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili, na kwa mtu mzima yeyote atakayesoma nao. Mkusanyiko uliofuata, More Tales of Mischief, ulitoka mwaka 2019, na nimeshauagiza. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba kuna kitabu kingine hakuuliza ni kinene kiasi gani wala kitafika lini. Aliuliza kama Boubou yumo.