Bizimu la Begani kwa Mikanda ya Kupigia Mbizi: Moja Latosha, na Liwe Kushoto

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo niko Malindi, na hiki kilichoko mkononi ndicho mnachoniuliza sana nyinyi mnaotumia bamba la chuma mgongoni, lile linalobeba mtungi wa hewa: bizimu la begani la kufunguka haraka. Ni la plastiki ngumu aina ya asetali, kwa mkanda wa milimita 50, upana uleule wa mikanda mingi ya kupigia mbizi. Lina dume na jike. Ukibana masikio haya mawili ya pembeni, linaachia. Sikilizeni: ta! Limeachia.

Mikanda ya bamba kwa kawaida ni mkanda mmoja mrefu usiokatwa. Unapita begani, unashuka kwapani, unaishia kiunoni, na bizimu liko kiunoni peke yake. Raha yake ni hiyo, hakuna kiungo cha kuvunjika. Taabu huanzia kando ya boti. Kwenye boti ndogo unavua vifaa ungali majini, baharia anavipokea, kisha wewe unajivuta juu. Mtungi wa alumini wa lita 11 una karibu kilo 14 ukiwa mtupu, bado bamba na regyuleta, kile kifaa cha kupumulia. Majini uzito huo huusikii, lakini mkanda uliolowa umeng'ang'ania suti, wimbi linakusukuma ubavuni, na wewe unatafuta kutoa mkono. Mwenye bega lililowahi kuteguka anajua ninachosema. Kurudisha kiwiko nyuma ni maumivu matupu.

Kabla hujanunua, legeza mikanda yako kwanza. Kiganja kilicholala kiweze kupita chini ya mkanda begani bila kusukumana. Wengi hukaza mno, halafu wanalaumu mkanda. Wenzetu wa Ulaya huvaa suti kavu, zisizoingiza maji, na glavu nene, kwa hivyo wana sababu zaidi ya kutaka bizimu hili. Sisi wa maji ya uvuguvugu, na suti ya milimita tatu, mtu mzima wa afya huenda asilihitaji kabisa. Namwambia alinunue mwenye bega bovu, mwenye kifua kipana asiyeweza kujipinda, na mwalimu anayewavua wanafunzi vifaa juu ya maji.

Sasa, kwa nini kushoto? Regyuleta unayopumulia hupita juu ya bega la kulia. Ukitoa mkono wa kushoto kwanza, vifaa vinazungukia kulia kwako na regyuleta inabaki mdomoni. Ukifungua kulia, unavuta mpira wa hewa kutoka mdomoni mwako mwenyewe. Na mabega yote mawili msiyawekee, nawaomba. Kila bizimu ni mahali pa kuharibika, na moja linakutoa vizuri tu.

Lakini kushoto kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mpira wa kujazia hewa kwenye bawa, yaani mfuko wa hewa unaokuelesha, hushuka bega hilohilo, umeshikwa na raba kwenye pete ya D. Ukifunga bizimu juu ya pete, ukifungua tu, kipande cha chini kinaanguka na mpira wako kinaondoka nao, wakati huo huo unaouhitaji. Tazameni hapa, nasogeza kamera. Pete iko juu, raba iko juu, bizimu liko chini yake kwa upana wa vidole vinne. Nikifungua... mmeona? Mpira umebaki palepale na bawa. Lisishuke zaidi ya hapo lakini, likifika kwapani litakuchuna.

Kukata mkanda ni kwa mara moja, kwa hivyo vaa suti yako, vaa mikanda, weka alama kwa chaki, vua, vaa tena, ndipo ushike mkasi. Ncha zichome kwa kiberiti cha gesi hadi nyuzi ziyeyuke zishikane. Mkanda upite kwenye bizimu, urudi nyuma, kisha uingie kwenye kile kibati cha chuma chenye matundu, upite mara mbili. Mara moja haitoshi, kwa sababu mkanda wa nailoni ukilowa hulegea na kuteleza. Bakisha mkia wa vidole vinne. Halafu lowesha kila kitu, funga mtungi, ning'iniza vyote kwa mkanda wa kushoto peke yake, utikise. La kwangu halikusogea.

Kasoro ipo, na ni ya hapa hapa kwetu. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki humwaga tope baharini kaskazini ya mji, na tope lile ni laini kama unga. Likichanganyika na mchanga wa ufuoni huingia ndani ya jike. Angalieni sikio hili la kushoto: limeingia nusu, la kulia limeingia lote. Ukisikia mlio utadhani limefunga. Halijafunga. Kila ukifunga, vuta kwa nguvu, kisha pitisha kidole pande zote mbili. Jioni lisuuze kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, huku ukilibana na kuliachia. Wala usilianike juani, jua letu hukausha plastiki ikawa ya kuvunjika.

Mtauliza, likifunguka chini je? Bega la kulia lipo, mkanda wa kiunoni upo, wa kati ya mapaja upo. Mtungi utainama upande, hautakuacha. Tulia, mwite mwenzako alifunge. Ndiyo maana simpendekezei bizimu hili mtu asiyevaa mkanda wa mapajani.

Na ukifika juu, jaza bawa kwanza, fungua mapaja, fungua kiuno, begani liwe la mwisho. Baharia ashike bamba kwa juu. Wengi hushika kile kipande cha mkanda kinachoning'inia, na hapo ndipo mtungi hugonga ubao wa boti.

Ya chuma cha pua pia yapo. Hayaogopi jua, ila ni mazito na hugonga mtulinga. Kwa maji yetu nabaki na hili la asetali, na la akiba liko mfukoni.